Meli Haiingii Stendi

Nianze na aibu yangu, maana nisipoisema mwenyewe watu wa mtaani kwetu Kizwite wataisema, na wao huongeza chumvi. Niliachwa na meli. Kuachwa na meli si ajabu. Wapo walioachwa kwa sababu walichelewa, au walilala, au walinogewa na pombe. Mimi niliachwa nikiwa nimewahi. Nilikuwa nimekaa ufukweni Kipili juu ya gunia, nimevaa sweta la Sumbawanga kwenye joto la ziwani, naitazama meli kubwa ikija, ikasimama mbele yangu, ikapiga honi, ikatulia, ikapiga honi tena, ikaondoka.

Nilikuwa nangoja iingie.

Msinicheke kabla hamjanisikiliza. Mimi ni fundi cherehani, kazi yangu iko barazani kwangu, na kutoka kitandani hadi kwenye cherehani sihitaji hata kuvaa viatu. Kidato cha nne nilimaliza, jiografia nilifaulu, ramani ya Ziwa Tanganyika ningekuchorea bila kuangalia. Lakini chombo cha usafiri nilichokijua ni basi, na basi la Sumbawanga humfuata mtu. Linaingia stendi, utingo anashuka, anakuvuta mkono hata kama umekuja kununua karanga tu. Nani alinieleza kwamba Kipili hakuna gati? Kwamba meli husimama mbali kwenye kina, na wenye shida nayo ndio wanaoifuata kwa maboti ya mbao? Yale maboti niliyaona yakienda mbiombio. Nikadhani ni wavuvi.

Mwanamke mmoja aliyekuwa anakaanga samaki, migebuka, pembeni yangu alinigeukia meli ilipokuwa imebaki moshi tu nyuma ya visiwa. Akaniuliza kwa upole kabisa: "Kaka, ulikuwa unangoja ije ikuamkie?"

Aliposikia ninakotoka ndiyo ikawa mbaya zaidi. Wakaja wengine kunitazama. Mmoja akataka kujua mtu wa Sumbawanga anahangaika na meli ya nini, kwani ungo wake umetoboka? Mwingine akamjibu kwamba huenda ungo haubebi mizigo. Utani huo wa wachawi kuruka na ungo tumeuzoea, kila mtu wa kwetu akishuka kutoka uwandani, kule juu Ufipa, anapewa kabla hajapewa maji ya kunywa. Nilicheka nao. Ningefanya nini, na gunia nimelikalia?

Gunia lenyewe ndilo lilikuwa habari. Ndani yake kulikuwa na kimea cha mama yangu. Mjukuu wake wa kwanza, binti wa dada yangu, alikuwa anaolewa Kigoma baada ya Pasaka. Katika ukoo wetu pombe ya harusi ya mjukuu wa kwanza hupikwa na bibi, kwa ulezi alioulima mwenyewe, na bibi ndiye anayeonja mbele ya wakwe kabla mtu mwingine hajagusa. Ulezi ule mama aliulima kijijini Kate, kwenye shamba la kaka yake. Akauloweka, akauotesha, akauanika, akausaga. Ndipo goti likamuuma. Akakubali shingo upande kwamba dada apike kwa niaba yake, na mimi nipeleke gunia.

Wakati huohuo dada alikuwa ametuma salamu kwamba upande wa bwana harusi wanasema tusijisumbue, siku hizi kuna bia, wao wataleta makreti. Hawakusema kwa ubaya. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara imefunguliwa, maduka yaliyokuwa matupu yamejaa, na mtu aliyetaka kuonekana ameendelea alionekana kwa kreti. Mama alilisikia neno hilo. Alikwenda nyuma ya nyumba akaanza kupepeta ulezi uliokwisha kupepetwa.

Sasa fikirini mimi nikirudi kutoka Kipili, nimepanda lori la dagaa, na gunia lilelile. Mama alikuwa mlangoni. Nilikuwa nimeandaa maelezo njiani kote, nimeyapanga vizuri kuanzia na mawimbi. Hakuniuliza. Alilishika gunia, akalinusa, akasikia halijaingiwa na maji. Kisha akasema kwa Kifipa, lugha anayoitumia akitaka maneno yake yasijadiliwe, kwamba meli ijayo atakwenda mwenyewe, na mimi nitakwenda naye kama mzigo wa pili. Nikamkumbusha goti. Akasema goti limepona. Ninavyoamini mimi, lilipona kwa hasira.

Meli ilikuwa inapita kwenda Kigoma baada ya wiki mbili. Wiki mbili hizo ndizo jirani yangu alizitumia kuizika.

Jirani huyu tumegawana ukuta wa uani. Alikuwa dereva wa malori wa shirika moja la umma, dereva wa kuheshimika, mwenye kofia. Mashirika yalipoanza kubinafsishwa, la kwao lilifungwa, akapunguzwa kazi. Alikuwa akitueleza kikao kile kama kichekesho: jinsi kijana mmoja aliyetoka Dar, mwenye tai, alivyowapanga madereva na malori katika kundi moja la vitu chakavu. Akiigiza sauti ya yule kijana tulikuwa tunashika mbavu. Siku hizo alikuwa stendi, anaita abiria wa mabasi ya watu binafsi, na kila jioni alirudi na habari mpya kuhusu meli yetu, akaja kuzitua barazani kwangu.

Leo meli imeuzwa, chuma chake kinakwenda kuyeyushwa. Kesho Wajerumani wameikumbuka, wanaitaka wakaiweke kwao watoto waitazame. Keshokutwa injini imekatika katikati ya ziwa na abiria wanapiga makasia. Alikuwa na njia yake ya kutupitisha: lori hadi Mpanda, pale treni hadi Tabora, pale treni nyingine hadi Kigoma. Lori la rafiki yake, bila shaka.

"Mama, shikamoo," alimwambia jioni moja. "Mimi nimefanya kazi serikalini maisha yangu yote, nakwambia kwa nia njema. Vya serikali vyote vimekwisha. Hiyo meli ni ya enzi za Mjerumani, itakufia njiani."

Mama alikuwa anashona mdomo wa gunia kwa sindano kubwa aliyoichukua kwangu. Hakuinua kichwa.

"Marahaba, mwanangu. Barabara ya Mpanda ina matope au haina?"

Akakiri kwamba mvua bado zinanyesha, matope yapo.

"Na treni hiyo, gunia langu litakaa wapi?"

Akasema kwenye behewa, na mizigo mingine, au hata pale pa kukalia watu.

"Basi. Kimea cha harusi hakikaliwi na matako ya watu nisiowajua."

Jirani aligeuka kwangu kutafuta msaada wa msomi. Mimi nilikuwa nakata suruali ya mitumba iwe kaptula, kazi ambayo ndiyo ilikuwa imebaki kwa mafundi wa zama zile, nikajifanya nimebana pini mdomoni. Ukweli nitausema: nilikuwa naomba jirani ashinde. Si kwa ajili ya lori. Kama meli ingekuwa imekufa, na barabara haipitiki, tungebaki nyumbani, na mimi kubaki nyumbani ndicho kipaji changu.

Tuliondoka siku yenyewe alfajiri, tumevaa masweta, gunia limefungwa kwa nailoni juu ya nailoni. Ukitoka uwandani kushuka ziwani, joto linakupokea kidogo kidogo kila kona. Nilivua sweta, mama hakuvua. Tulifika Kipili saa za mchana. Yule mwanamke wa migebuka alinitambua nikiwa bado juu ya lori. Akaniuliza kama safari hii nimekuja na stendi yangu. Mama akauliza anamaanisha nini, nikasema ni mtu ninayefahamiana naye.

Tulilala kwa mjane mmoja anayepokea wasafiri. Meli ilikuwa ipite asubuhi. Asubuhi ikaja, meli haikuja. Jua likapanda, ufukwe ukajaa watu na kuku na matenga, kila mtu akiitazama ncha ya kisiwa ambako hutokea. Kisha watu wakaanza kuyarudia maneno ya jirani yangu, yaleyale, kana kwamba aliyatanguliza kwa posta. Imeuzwa. Imekwisha. Wenyewe wameifunga.

Palepale akatokea bwana mmoja mwenye boti la mashine. Boti jipya, limepakwa rangi, na yeye mwenyewe kijana mwenye miwani ya jua, mwendo wake wa kibiashara. Akapita kundi kwa kundi akisema ana habari kamili kutoka Zambia, meli imekufa Mpulungu, haitoki. Yeye anaondoka saa hiyohiyo, atawafikisha watu Kigoma kwa kupita vijiji vya kando ya ziwa. Nilimuuliza mtu mmoja kama boti lile linapigwa na maji. Akanijibu kwamba maboti yote hupigwa na maji, ndiyo maana abiria wake hushuka kama walioogelea na nguo. Nikaliangalia gunia letu. Kimea kikilowa kinachacha chenyewe, na kikichacha njiani hakina kazi tena isipokuwa kwa nguruwe.

Watu walianza kuhamia kwa yule bwana. Mmoja, halafu familia nzima, halafu wafanyabiashara wa maharage. Akafika kwetu.

"Mama yangu, panda. Hiyo meli ilishazama zamani, wakaiibua. Sasa imezama kabisa."

Hapo aligusa hadithi ambayo kila mtu kando ya ziwa anayo, na kila mtu ana yake. Kwamba Wajerumani waliileta vipandevipande kwenye makasha, wakaiunga Kigoma kama mtu anavyounga kitanda. Kwamba vita ilipowaelemea waliizamisha wao wenyewe wasiiache kwa adui, lakini kwanza wakapaka injini mafuta mazito isile kutu, kwa sababu hata wakiondoka walikuwa na nia ya kurudi. Kwamba Waingereza wakaitoa chini baada ya miaka, wakaiwasha, ikawaka. Vita nyingine imeipita, Uhuru umeikuta majini, Azimio la Arusha limeikuta majini. Wakimbizi imewabeba, maiti imebeba, wanawake wamejifungulia humo. Kila kizazi kilitangaziwa kwamba safari hii ndiyo ya mwisho.

Mama alimsikiliza yule bwana hadi akamaliza. "Iliyozama ikarudi kazini inajua njia," akamwambia. "Hilo lako likizama, mwanangu, linajua njia ya wapi?"

Waliokuwa karibu wakacheka. Bwana hakukasirika, alikuwa mfanyabiashara. Akasema atarudi tukishachomwa na jua.

Kisha mama akafanya jambo lake. Palikuwa na boti la mbao limefungwa ufukweni, mojawapo ya yale yanayopeleka watu melini. Akaniambia nibebe gunia. Tukaingia majini, yeye na goti lake, maji hadi mapajani, akapanda botini, akakaa juu ya gunia, akafungua mwavuli. Mwenye boti alikuwa amelala kivulini, akaja mbio.

"Mama, meli haijaonekana."

"Ikionekana nitakuwa nimeshakaa."

"Lakini mama, inaweza isije."

"Basi usiku utanikuta humu. Kaendelee kulala."

Nilikaa pembeni yake nikitamani kuwa mtoto wa mtu mwingine. Ufukwe wote ulikuwa unatutazama: kizee cha uwandani kwenye boti lisilokwenda popote, kimevaa sweta, kimeshika mwavuli, na njemba la kidato cha nne limekaa mguuni pake. Niliwaza kwamba hadithi hii ikifika Kizwite itabidi nihame. Yule mwanamke wa migebuka akaja hadi ukingoni mwa maji, sikuelewa anataka nini. Akatutazama, akafunga kaniki yake vizuri, akaweka sinia lake la samaki kichwani, akaingia botini akakaa. Alikuwa na mzigo wake wa kwenda Karema, kumbe, na alikuwa ameshaanza kukata tamaa. Nyuma yake akaja mzee mwenye baiskeli. Kisha mama mwenye mapacha. Wenye maboti mengine walipoona abiria wanakaa kwao bila kuitwa, wakaanza kutoa maji yaliyotuama ndani na kukagua makasia. Watu walikaa tu, kwa ukaidi, maboti yamejaa, yamefungwa, jua linatupiga, na yule bwana wa mashine akaondoka na aliowapata.

Meli ilitokea alasiri. Kwanza moshi, halafu pua yake, taratibu, bila haraka yoyote, kama mtu aliyesikia anasengenywa na hajali. Ilipopiga honi nilisikia sauti ile tumboni. Mapacha wakalia. Maboti yakafunguliwa mara moja, makasia yakachapa maji, na mimi niliyeogopa hata dimbwi la stendi nikajikuta napiga kelele za kuhimiza kama shabiki wa mpira.

Ukifika ubavuni mwa meli ndipo unajua ukubwa wake. Maboti yanagongana, mmoja anashika kamba, mwingine anasukuma, kuna mlango wazi ubavuni na mikono inatokea humo. Mikono haichagui, inavuta mtu, inavuta mbuzi. Mimi nilivutwa kwa mkanda wa suruali, niliyoishona mwenyewe, na nashukuru nilishona imara. Mama akainuliwa. Nikageuka kupokea gunia, na hapo baharia mmoja akaweka mguu mlangoni kulizuia.

Akasema magunia basi, meli imejaa, imechelewa kwa sababu ya mizigo hiyohiyo. Watu tu. Gunia lilikuwa limeshikwa na mwenye boti kule chini, boti linapanda na kushuka, maji yanaruka, na nailoni ya juu ilikuwa imeshachanika. Nilianza kumwambia yule baharia habari za harusi. Nilizianza mbali, kwenye ukoo. Alikuwa hanisikii.

Mama alirudi mlangoni akakaa chini, palepale kwenye kizingiti, miguu inaning'inia nje juu ya maji. Hakuna aliyeweza kupita, kuingia wala kutoka.

"Bibi, toka hapo, utaanguka."

"Mimi na hilo ni mzigo mmoja," alisema mama. "Ukilishusha, nishushe. Lakini utanishusha kwa mikono yako, na watu wote hawa wanakuona."

Maboti yalikuwa yanagongana, watu wanapiga kelele, honi ikalia juu yetu. Yule mwanamke wa migebuka, aliyekuwa bado botini, akapaza sauti kwamba kama mzigo umezidi wamshushe yule kaka mrefu, yeye hana faida. Alikuwa ananisema mimi. Baharia akanitazama, akamtazama mama, akajikuta anacheka, na aliyecheka hana nguvu ya kukataza. Gunia likaingia. Mama alilinusa kabla hajainuka.

Tulisafiri chini, daraja la tatu, kati ya dagaa wakavu na madumu ya mawese, na kelele ya injini chini ya miguu kama mashine ya kusaga isiyozimwa. Kila kitu mle ndani kilikuwa kimepakwa rangi juu ya rangi, hata misumari imenenepa. Niligusa ukuta, nikaona unatetemeka, nikaondoa mkono haraka. Mama aliugusa akauacha mkono pale. Akaniambia, bila kunitazama, kwamba aliwahi kuipanda akiwa msichana, na hata wakati huo walikuwa wanamwambia asipande, imezeeka.

Kigoma tulifika zikiwa bado zimebaki siku za pombe kuchacha. Mama alipika nyuma ya nyumba ya dada, akafukuza kila aliyetaka kumsaidia, hasa waliosoma. Siku ya harusi makreti yalikuja kweli, yakapangwa mezani vizuri. Mama akaletewa kiti. Akaonja mbele ya wakwe, akafumba macho, hakuyafumbua mpaka bwana harusi akaanza kujifuta jasho. Kisha akampa baba mkwe. Baba mkwe akanywa, akashusha, akanywa tena, akauliza kwa sauti ya chini kama iko ya kutosha. Saa kumi jioni walikuwa wamekizunguka chungu na mirija, na watoto wamegeuza makreti kuwa viti. Dada alilia. Mama aliniambia tu kwamba ameuona ulezi wa sokoni Kigoma, una mchanga.

Yeye alibaki kwa dada. Mimi nilirudi na meli ileile, peke yangu, na Kipili nilishuka kwa boti kama mwenyeji, nikalowa mguu mmoja tu.

Jirani alikuwa amekaa barazani kwangu, kwenye kiti cha wateja, kofia yake magotini. Nilikuwa nimemwandalia maneno. Nilimweleza yote, mlango, kizingiti, baba mkwe, nikaigiza sauti ya baharia, nikaigiza na honi. Nilimwambia kwamba kitu chake alichokizika kila jioni hapa nimekipanda kwenda na kurudi, na kimebeba watu mpaka juu ya paa. Nilitegemea atanirudishia moja kali, tucheke, tupige soga mpaka giza.

Hakucheka. Aligeuzageuza kofia.

"Mimi nilikuwa naomba isije, fundi," akasema. "Ile kongwe kama bado inafanya kazi, nani atanieleza mimi nilipunguzwa kwa nini?"